Umeme wa viyoyozi kwenye jengo la abiria la uwanja wa ndege wa pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wahandisi, mafundi wa viyoyozi na mameneja wa majengo ya abiria kuanzia Mombasa hadi Mtwara, Unguja na Pemba zikiwemo. Nairobi, Kilimanjaro na Kigali wana swali lao huko chini, maana hali ya hewa yao inadai dawa tofauti kabisa.

Bili ya umeme imetushinda. Tununue chila mpya (mashine inayopooza maji ya viyoyozi) au tuweke sola kwanza?

Kwanza nendeni mlangoni mkiwa na karatasi ya tishu. Saa 8 mchana, simameni kwenye mlango wa kuingilia abiria, muining'inize tishu usawa wa goti, kisha usawa wa kichwa. Ikipeperuka kuelekea nje gotini na kuelekea ndani kichwani, hewa baridi inamwagikia nje kwa chini na ya moto inaingia kwa juu. Hilo ni jambo la kawaida kwa mlango uliobaki wazi. Ikielekea ndani kote kuwili, jengo zima linavuta hewa ya nje, na kabla hamjalitibu hilo, chila mpya itakuja kufanya kazi ileile ya kijinga inayofanywa na ya zamani.

Hesabu yake ni hii. Siku ya kaskazi, nje ni nyuzi 30 na kila kilo ya hewa imebeba gramu 20 za mvuke. Ndani mnataka nyuzi 25 na gramu 11. Kuitoa kilo moja ya hewa kwenye hali ile na kuifikisha kwenye hii kunadai kuondoa kilojuli 28. Kati ya hizo, 5 tu ni za kushusha joto. Zile 23 zilizobaki ni za kuugeuza mvuke kuwa maji. Fukuto la pwani ni mzigo wa unyevu kuliko wa joto, na kila jibu hapa chini limejengwa juu ya hilo.

Sasa chukueni mlango wa upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.5 ambao hewa inaingia kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Hizo ni mita za ujazo 2.5 kila sekunde, takriban kilo 2.9 za hewa, na mzigo wa kilowati 81 za baridi, yaani tani 23 za upoozaji (tani moja ni kilowati 3.517). Mfumo mzima, pamoja na pampu na feni, ukitoa kilowati 4 za baridi kwa kila kilowati ya umeme, mlango huo mmoja unakula kilowati 20. Kwa saa 16 ni uniti 320 kwa siku. Maji yanayotoka kwenye koili (mirija baridi inayopooza hewa) kwa ajili yake tu ni kama lita 95 kwa saa, karibu ndoo tano za lita 20.

Kwa nini jengo livute hewa ya nje wakati tuna feni za kuingiza hewa safi?

Mara nyingi kwa sababu feni hizo zimezimwa, au dampa zake (vibao vya kufungua na kufunga njia ya hewa) zimefungwa na mtu aliyedhani anaokoa umeme, huku feni za kutoa hewa za vyooni na majikoni zikiunguruma usiku na mchana. Hewa inayotoka lazima ifidiwe. Feni zikitoa mita za ujazo 12 kwa sekunde na zinazoingiza zikileta 9, hizo 3 zilizopungua zitapenya milangoni, kwenye matundu ya mikanda ya mizigo na kwenye nyufa za dari, bila kuchujwa wala kukaushwa. Hewa hiyohiyo ikipitia kwenye AHU (yale makasha makubwa yenye feni na koili) ingekaushwa kabla haijamfikia abiria. Ikipitia mlangoni inakutana na kioo baridi, dari baridi na bomba baridi, inatoa jasho hapohapo, na katika mwezi unaofuata mnaanza kuona ukungu mweusi kwenye vigae vya dari.

Tengenezeni jedwali la feni zote, za kuingiza na za kutoa, na mpime kila moja kwa kipima mwendo wa hewa. Msiamini kibao cha mota: mkanda uliolegea au feni inayozunguka kinyume hupunguza hewa kwa kiasi kikubwa huku mota ikiendelea kunguruma kama kawaida. Lengo ni hewa inayoingizwa izidi inayotolewa kwa asilimia 5 hadi 10. Kisha fuateni haya:

- Feni za vyooni zifungiwe saa, zizimwe baada ya ndege ya mwisho.
- Vifuniko vya moshi vya mikahawa viwe na hewa yake ya kufidia, na vizimwe jiko likifungwa. Mpangaji halipii hewa baridi anayoivuta ukumbini, kwa hiyo hana sababu ya kujali. Liandikwe kwenye mkataba.
- Matundu ya mikanda ya mizigo yawe na mapazia ya mpira yasiyochanika, na mlango wa kukunja unaoshuka mkanda ukisimama. Haya mapazia huchanwa na masanduku ndani ya miezi michache, kwa hiyo akiba ya vipande iwepo stoo.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi unasukuma milango inayotazama kaskazini mashariki, kusi unasukuma ya kusini mashariki. Jengo lililopimwa Julai likaonekana zima linaweza kuvuja vibaya Januari. Pimeni misimu yote miwili.

Pazia la hewa juu ya mlango linasaidia?

Linasaidia likifungwa inavyotakiwa: lifunike upana wote wa mlango, hewa yake ifike sakafuni, na mdomo wake uelekezwe nje kidogo. Tunayoyaona mengi ni mafupi kuliko mlango, au yamewekwa juu mno hadi hewa inaishia kifuani. Na kama jengo linavuta, hakuna pazia litakaloshindana na mvuto huo.

Milango miwili yenye ukumbi mdogo katikati hufanya kazi vizuri zaidi, ila nafasi kati yake iwe mita 4 au zaidi. Abiria mwenye toroli la masanduku matatu akiwa bado kwenye mlango wa kwanza asiwe ameshafungua wa pili. Punguzeni muda wa mlango kubaki wazi kutoka sekunde 10 hadi 3 au 4. Na semeni na wachukuzi: toroli moja lililoegeshwa mbele ya sensa huacha mlango wazi asubuhi nzima.

Thermostati iwekwe nyuzi ngapi?

Kati ya 24 na 25 kwenye kumbi za abiria, unyevu ukiwa asilimia 50 hadi 60. Watu wanaokaa dawatini kutwa, kama wakaguzi wa pasipoti, wanaweza kupewa 23 kwenye eneo lao peke yake.

Wanaoshusha hadi 18 kwa kawaida wanakimbia unyevu. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu asilimia 75 inanata mwilini, mtu anabonyeza kitufe cha kushusha, chumba kinakuwa baridi na bado kinanata. Ubaya zaidi ni kwamba hewa ya nje inaanza kugeuka maji ikifika nyuzi 25, na kila kitu mlichokipooza chini ya hapo kinakuwa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Shusheni unyevu kwanza, malalamiko ya joto yatapungua yenyewe.

Uwanja wa pwani una shughuli gani na mfumo wa kupasha joto?

Swali zuri, maana hita zipo na wengi hawajui kama zipo. Ili kuikausha hewa, koili huishusha hadi nyuzi 12 au 13. Kama chumba kina watu wachache, hewa hiyo ni baridi kupita kiasi, kwa hiyo wabunifu wa zamani waliweka hita ya umeme ndani ya dakti (njia ya hewa) ili kuipandisha tena hadi 18. Mnalipa mara mbili: kupooza, halafu kupasha.

Hitilafu inayotafuna pesa kimyakimya ni kontakta (swichi) ya hita kuungua na kugandana ikiwa imefunga. Hita inawaka saa 24, thermostati inaona joto, inafungua maji ya baridi zaidi, chila inashindana na hita, na chumba kinabaki kwenye nyuzi zilezile kana kwamba hakuna tatizo. Pitisheni klampu mita (kipima umeme kinachobana waya) kwenye nyaya za kila hita, thermostati ikiwa inadai baridi. Mkisoma ampea yoyote, mmeshaipata.

Dawa ya kudumu ni kupunguza kasi ya feni kabla ya kufikiria kupasha. Panapolazimu kupasha, tumieni joto ambalo kondensa ya chila inalitupa nje, au mabomba ya joto yanayozungushiwa koili, ambayo hupooza hewa kidogo kabla haijafika kwenye koili na kuirudishia joto hilohilo ikishapita. Hayana kompresa wala umeme, ila yanaongeza ukinzani wa hewa, kwa hiyo feni ihesabiwe upya.

Tukipandisha joto la maji ya baridi tutaokoa?

Ndiyo. Kila nyuzi moja mnayopandisha hupunguza umeme wa chila kwa asilimia 2 hadi 3. Kutoka 6 hadi 9 si haba. Lakini koili ikipelekewa maji ya nyuzi 9 haitakausha kama ile ya 6, na pwani hilo linaonekana ndani ya siku mbili. Pandisheni nusu nyuzi kwa wakati, muangalie unyevu wa kumbi kwa siku tatu, kisha endeleeni. Ukivuka asilimia 60, rudini nyuma. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, mtaweza kwenda juu zaidi. Masika na kaskazi mtarudi chini. Namba moja ya mwaka mzima haipo.

Kwa nini chila mbili zinafanya kazi wakati kila moja iko nusu ya mzigo?

Angalieni maji yanarudi na nyuzi ngapi. Huu ndio ugonjwa ulioenea zaidi kwenye mifumo mikubwa.

Tuseme mfumo umebuniwa maji yaende na nyuzi 7 na kurudi na 12. Kubeba kilowati 1,000 za baridi kwa tofauti ya nyuzi 5 kunahitaji lita 48 kwa sekunde. Maji yakirudi na 10, tofauti ni 3 tu, na mzigo uleule sasa unahitaji lita 80. Chila moja haipitishi lita 80. Basi ya pili inawashwa kwa ajili ya kupitisha maji tu, pamoja na pampu yake na mnara wake (unaolitupa nje joto la chila), na zote mbili zinazunguka kwenye nusu ya uwezo.

Kumtafuta mkosaji hakuhitaji chombo cha gharama. Chukueni kipimajoto chenye waya, kifungeni kwa tepu kwenye bomba la kurudi la kila AHU, kifunikeni na kipande cha sponji, subirini dakika 5, andikeni. Zile zinazorudisha maji chini ya nyuzi 10 ndizo zinazoharibu. Kisha tafuteni sababu kwa mpangilio huu, kwa maana ndivyo zinavyopatikana kwa wingi:

Mota ya vali imekufa, na fundi wa zamu aliifungua vali kwa mkono ili ukumbi upoe. Miaka miwili baadaye bado iko wazi.

Vali ni za njia tatu. Hizi hupitisha maji pembeni ya koili pale mzigo ukipungua, na maji hayo yanarudi yakiwa baridi vilevile. Fungeni njia ya pembeni, muache moja au mbili mwishoni mwa mstari ili pampu isikose mtiririko.

Mtu ameagiza hewa itoke na nyuzi 10. Kwa maji ya 7 na koili iliyochakaa, haifikiki, kwa hiyo vali inabaki wazi asilimia 100 maisha yote. Irudisheni 13.

Koili imeziba vumbi kwa upande wa hewa, hewa haipiti, maji hayapati joto la kubeba. Iosheni kwa dawa ya koili na maji ya shinikizo dogo, kutoka upande hewa inakotokea.

Mwisho, bomba la kusawazisha kati ya upande wa chila na upande wa jengo linarudisha maji baridi moja kwa moja kwa sababu pampu za chila zimezidi nguvu.

Inverta za mota (vifaa vya kubadilisha kasi yake) zinalipa?

Kwenye feni, vizuri sana. Feni ikishushwa kutoka Hz 50 hadi 40, umeme unashuka hadi karibu nusu: mota iliyokuwa ikila kilowati 15 inakula chini ya 8. Msishuke chini ya Hz 20 hadi 25 kwa mota inayojipooza kwa feni yake yenyewe.

Kwenye pampu, tengenezeni vali kwanza kama ilivyoelezwa juu. Kufunga inverta kwenye mfumo wenye vali za njia tatu ni kutupa pesa, kwani mtiririko haubadiliki. Sensa ya shinikizo iwekwe kwenye AHU ya mbali zaidi, si mdomoni mwa pampu, na vali za kusawazisha zilizokuwa zimebanwa kwenye pampu zifunguliwe. Kasha la inverta liwe la kuzuia vumbi na unyevu: hewa ya chumvi hula bodi za elektroniki.

Chila ya kupoozwa kwa hewa au ya mnara wa maji?

Kwa umeme, mnara unashinda: kompresa inatoa kilowati 5.5 hadi 6 za baridi kwa kila kilowati moja, dhidi ya takriban 3 za ile ya hewa. Sasa upande wa maji. Kwa kila kilowati 1,000 za baridi, mnara unavukiza karibu mita za ujazo 1.75 kwa saa, na ukiongeza maji ya kumwaga ili chumvi isijikusanye, mnafika 2.3. Kwa saa 16 ni mita za ujazo 37 kwa siku. Kama mnanunua maji kwa boza, hesabu inageuka. Kama ni kisima cha pwani, maji ni magumu na pengine yana chumvi, na magamba yatajenga ndani ya mirija ya kondensa. Kipimo chake: linganisheni joto la gesi kwenye kondensa na joto la maji yanayotoka. Tofauti ya nyuzi 1 hadi 2 ni safi. Ikivuka 4, fungueni mkasugue kwa brashi. Dawa ya kuua vijidudu si ya hiari, kwa kuwa maji ya nyuzi 29 hadi 35 ndiyo bakteria wa lejonela wanayoyapenda, na mnara usiwe karibu na mdomo wa hewa safi.

Kwa zile za hewa, tatizo ni chumvi na nafasi. Mapezi ya aluminiamu yapakwe epoksi kutoka kiwandani. Yaoshwe kwa maji matamu kila mwezi, au kila wiki mbili kama yanatazamana na bahari. Mashine ya kuoshea magari hairuhusiwi hapo, itayalaza mapezi yote. Pimeni pia joto la hewa inayoingia kwenye koili na mlilinganishe na la kivulini: likizidi kwa nyuzi 3, chila inavuta hewa yake yenyewe ya moto, kwa kawaida kwa sababu imejengewa ukuta mrefu wa kuificha isionekane.

Tuzime kila kitu usiku?

Pwani, hapana. Jengo likizimwa saa 6 usiku na kuwashwa saa 10 alfajiri, unyevu unaingia kwenye mazulia, viti na vigae vya dari, na asubuhi mfumo unahangaika saa mbili kuukamua. Zimeni feni kubwa, acheni AHU moja kwa kila ukumbi izunguke polepole, fungeni dampa za hewa safi, na mzime feni za kutoa. Kiwango cha kuamsha mfumo kiwe unyevu, kwa mfano asilimia 65.

Sensa za hewa ukaa na ratiba ya ndege zinafanya nini?

Ukumbi wa watu 800, kwa lita 8 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, unahitaji mita za ujazo 6.4 kwa sekunde. Hizo ni kilowati zaidi ya 200 za baridi. Ndege ikishaondoka na kubaki watu 100, nyingi ya hizo hazina kazi. Hewa ya nje ina takriban ppm 420 (sehemu 420 kwa milioni) za hewa ukaa. Wekeni dampa zifunguke kadiri ukumbi unavyokaribia 900. Sensa iwe usawa wa pua ya mtu aliyeketi, mbali na mlango.

Tahadhari moja ambayo wauzaji hawaitaji: mkipunguza hewa safi bila kupunguza inayotolewa, mmerudi kwenye jengo linalovuta. Kiwango cha chini cha dampa lazima kizidi jumla ya feni za kutoa.

Ratiba ya ndege haihitaji programu ya gharama kuanza nayo. Jedwali la wiki linatosha: ukumbi wa kuondokea uamshwe dakika 45 kabla abiria hawajaanza kuingia, ukumbi wa mizigo dakika 20 kabla ya kutua.

Vioo na paa?

Karibu na ikweta, paa ndilo linalopigwa zaidi. Bati jeupe na kizuia joto cha milimita 100 vinaonekana kwenye bili. Paa jeupe lililogeuka kahawia halina tofauti na la kahawia, lioshwe.

Dar es Salaam ikiwa karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana wa Juni linakuwa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60. Kioo cha urefu wa mita 3 kinachotazama kaskazini kinahitaji upenu wa mita 1.75 kukingwa chote. Kusini, jua la Desemba liko juu zaidi na upenu wa mita 0.9 unatosha. Mashariki na magharibi upenu hausaidii, jua linaingia chini yake. Hapo ni mapezi ya wima nje, au kioo kinachopitisha chini ya asilimia 30 ya joto la jua. Filamu ya kubandika ndani kwenye kioo cha tabaka mbili inaweza kukipasua kwa joto, ulizeni mtengenezaji. Na miti ya kivuli inaita ndege wa mbawa, jambo ambalo uwanja wa ndege hauhitaji.

Ukumbi wetu una dari ya mita 15. Tunapooza hewa ambayo hakuna mtu anayeivuta.

Pulizieni hewa kutoka urefu wa mita 3 au chini, kwa nguzo za hewa au midomo ya pembeni, na muache joto likae juu. Midomo ya darini inayosukuma hewa chini inachanganya tabaka zote na kufuta faida hiyo.

Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok uliofunguliwa 2006 kwenye fukuto kama letu, unapitisha maji ya baridi ndani ya sakafu na kupuliza hewa kavu kwa chini. Inawezekana kwa sababu hewa ya ndani imekaushwa: kwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 50, jasho linaanza nyuzi 14, na sakafu ya 21 haitoi jasho. Sakafu hiyohiyo karibu na mlango unaovuja ingekuwa bwawa. Kwa jengo lililopo, kuchimbua sakafu kwa ajili hii hakulipi.

Gharama ya kVA inatuumiza kuliko uniti. Kwa nini?

TANESCO na Kenya Power huwatoza wateja wakubwa kwa kilele cha mwezi pia, kinachopimwa kwa kVA, na kilele kimoja kifupi kinatosha. Kwa kawaida kinatokea umeme ukirudi baada ya kukatika, chila zote zinapowaka pamoja. Ziachanisheni kwa dakika 10. Alfajiri anzeni na chila moja saa 10 badala ya tatu saa 11.

Nairobi, Kilimanjaro na Kigali je?

Nairobi, kwenye mita 1,624, hewa ya nje ya nyuzi 14 hadi 20 inapatikana sehemu kubwa ya siku. Fungueni dampa za hewa safi asilimia 100, mzime chila. Kinachokwamisha ni dampa zilizoganda kwa kutu na sensa ya nje iliyowekwa juani ikisoma 32 saa 4 asubuhi. Kumbukeni hewa huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo feni lazima isukume ujazo mkubwa zaidi kubeba joto lilelile. Asubuhi za Julai, baridi inapobana, joto la chumba cha kompyuta lihamishiwe kumbini kabla hamjanunua hita. Kigali ni vivyo hivyo. Kilimanjaro, kwenye takriban mita 900, iko katikati: usiku hewa ya nje, mchana chila.

Ndege zilizoegeshwa zinahusika?

Zinahusika. Ndege ya ukubwa wa Boeing 737 ikipoozwa na injini yake ndogo ya mkiani inachoma takriban kilo 100 za mafuta kwa saa. Mombasa, kwa mradi wa ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga) na Umoja wa Ulaya uliozinduliwa 2018, iliwekewa sola ya takriban kilowati 500 pamoja na vifaa vya kuipa ndege umeme na hewa ya baridi ikiwa imeegeshwa. Kinachopoteza faida ni bomba la kitambaa: likilazwa mita 20 juu ya lami ya moto, likiwa na viraka, hewa inafika ndege ikiwa vuguvugu na rubani anawasha injini yake. Fupisheni bomba, na madirisha ya ndege yafungwe vifuniko.

Gesi ipi kwa chila mpya?

R-22 msiiguse, nchi zetu zinatakiwa kuacha kuiagiza ifikapo 2030. R-410A ina nguvu ya kuongeza joto la dunia mara 2,088 ya hewa ukaa, R-134a mara 1,430, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanazipunguza kwa asilimia 10 mwaka 2029 na 80 ifikapo 2045. Chila inaishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo ulizeni R-513A au R-1234ze. Msibadilishe gesi kwenye chila ya zamani bila mtengenezaji kuthibitisha oili na sili.

Tutajuaje kama tumeokoa?

Uniti kwa abiria ni kipimo cha kudanganya: abiria wakiongezeka kinashuka hata kama mfumo umeharibika. Pimeni kilowati za umeme kwa tani ya baridi. Zidisheni lita kwa sekunde kwa 4.19 na kwa tofauti ya joto la maji mpate kilowati za baridi, mgawe kwa 3.517 mpate tani. Mfumo wa mnara wa maji, pamoja na pampu na feni za mnara, ukiwa 0.8 ni mzuri. Ukivuka 1, una kazi ya kufanya. Linganisheni Februari na Februari, msilinganishe na Julai.

Sensa za joto la maji ndizo zinazoharibu hesabu: kosa la nusu nyuzi kwenye tofauti ya 5 ni asilimia 10. Kabla ya kuanza kurekodi, zichomoeni sensa zote mbili mzitumbukize kwenye ndoo moja ya maji na barafu, mkoroge, msubiri dakika 5. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi 0.2, rekebisheni au badilisheni, kisha ndipo muandike namba ya kwanza.